Kwanini mpaka leo sijahama kazi

Nina miaka sita kwenye hii hoteli hapa Dar, ofa za mshahara mkubwa zimekuja mara mbili nikakataa, watu wananishangaa kweli. Ila hawajui zamu ikiisha saa sita usiku kuna Hiace inatushusha mpaka mlangoni, mimi Mbagala mwenzangu Gongo la Mboto, hakuna kuhangaika na boda gizani. Nilipojifungua nikapewa siku zangu 84 zote za sheria, nikarudi nikakuta nimepangiwa asubuhi, na yale masaa mawili ya kunyonyesha hakuna aliyeninunia. Nilikotoka walilipa zaidi kidogo lakini ukiomba ruhusa ya msiba unaulizwa marehemu ni nani yako hasa! Niliacha mwezi uleule, na wenzangu wanne wakafuata.