Waliohesabiwa 1,524

Kuna jedwali moja la Sensa ya 2019 ambalo nimekuwa nikilirudia wiki nzima. Wanaume 23,548,056. Wanawake 24,014,716. Halafu safu ya tatu, ambayo Kenya haikuwahi kuwa nayo kabla ya hapo: huntha 1,524.

Hiyo namba ya mwisho hainiingii akilini. Umoja wa Mataifa hukadiria kwamba huntha, yaani wanaozaliwa na maumbile yasiyokaa sawasawa upande wa kiume wala wa kike ni kati ya asilimia 0.05 na 1.7 ya watu. Chukua hiyo ya chini kabisa, uipige kwa Wakenya milioni 47 na ushei, unapata zaidi ya 23,000. Wengine walikuwa wapi usiku ule wa tarehe 24 Agosti?

Walikuwa nyumbani, na mtu mwingine akawajibia. Karani alipofika kwetu Mombasa na tableti yake, mzee wa mtaa akimfuata nyuma, aliyejibu ni Mama. Alitaja majina na umri, kijana akabofya. Akisikia Salim, ameshajua. Akisikia Mwanaisha, ameshajua. Nilikuwa nimekaa palepale na jinsia yangu hakuna aliyeiuliza. Simlaumu, alikuwa na nyumba chungu nzima za kumaliza. Ila nadhani hivyo ndivyo watu wengi walivyoandikwa.

Na safu hiyo yenyewe haikuja bure. Mwaka 2007 mfungwa mmoja wa gereza la Kamiti, huntha, alikwenda mahakamani akitaka sheria imtambue. Mwaka 2010 majaji walikubali kwamba kuvuliwa nguo na kupekuliwa gerezani kulimdhalilisha, wakaamuru alipwe shilingi 500,000. Kutambuliwa wakamnyima: hapakuwa na takwimu za kuonyesha kwamba watu kama yeye wapo wa kutosha kuwa kundi. Sasa takwimu hizo angezitoa wapi mtu aliye kifungoni? Ikaja kesi ya Baby A, mtoto aliyezaliwa Mei 2009 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akaandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsia. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola akaitaka serikali iseme ni chombo gani kinapaswa kukusanya takwimu za huntha. Miaka mitano baadaye wakahesabiwa.

Nina shangazi, wa mbali kidogo, simtaji jina wala mtaa, na ameniruhusu niandike haya. Alilelewa kama msichana, akasubiriwa avunje ungo, hakuvunja. Keshakuwa mtu mzima ndipo daktari alipomweleza kwamba kromosomu zake ni XY, ila mwili wake hauitikii homoni za kiume, ndiyo maana umekua wa kike. Kwa wengine huwa kinyume: mtoto wa XX, tezi zilizo juu ya figo zimezidisha homoni za kiume tangu tumboni, anazaliwa na mkunga hajui ampigie vigelegele vya nini. Hali zenyewe ni nyingi, na baadhi, kama ya Shangazi, hazionekani kabisa siku ya kuzaliwa.

Jumapili nilimpigia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Baada ya habari za wagonjwa na za harusi nikamuuliza sensa ilimwandika nini.

"Aliyejibu ni kakangu. Kwani yeye anajua?"

"Na ungeulizwa wewe mwenyewe?"

"Ningesema mwanamke. Mimi si mwanamke? Hayo mengine nimeyaacha kwa daktari na Mola wangu."

Jibu hilo limenivuruga hesabu yangu yote. Nilidhani waliokosekana ni waliofichwa au waliojificha. Kumbe yuko pia mtu ambaye hata ukimkalisha peke yake, mlango umefungwa, hatachagua safu ya tatu, na hatakuwa amedanganya. Tableti iliuliza swali moja mahali penye mawili: mwili ulizaliwaje, na wewe mwenyewe ni nani. La tatu, moyo unampenda nani, halikuulizwa, na afadhali. Mwaka uleule, tarehe 24 Mei, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya adhabu, vinavyotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Watu huyachanganya haya matatu kwenye kapu moja kisha wanalitupia matusi. Shangazi ameitwa majina ya kapu lote, na maishani mwake hajampenda ila mwanamume mmoja, ambaye mama yake alitaka wajukuu.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mwambao haukuwa mgeni wa jambo hili. Ustadhi wetu wa madrasa alitusomesha mirathi kwa madhehebu ya Shafi: huntha ambaye hali yake haijabainika hupewa fungu dogo lililo la yakini, kinachobaki kinazuiliwa mpaka ibainike au warithi wapatane. Kwenye swala ya jamaa safu yake ni baina ya wanaume na wanawake. Sisi tuliangua kicheko. Ustadhi akagonga meza: "Mnacheka nini? Kitabu kimemtaja." Simfanyi ustadhi kuwa mwanaharakati, kuhusu waliobadili jinsia au wanaopenda jinsia yao alikuwa mkali kama masharifu wote niliowajua. Lakini kwa huntha kitabu chake kilikuwa na nafasi tayari, na mafungu ya urithi kimeyapiga hesabu, karne nyingi kabla ya dodoso la serikali.

Tangu 2022 ipo Sheria ya Watoto inayomtaja mtoto huntha waziwazi na kumpa haki ya kuheshimiwa utu wake. Sensa huja kila baada ya miaka kumi, kwa hiyo ijayo ni 2029. Baby A, Mungu akimjaalia, atakuwa na miaka 20. Sijui Baby A ataitwa jina gani kufikia hapo, wala atataka safu ipi. Karani akibisha hodi, kwa utaratibu nilioushuhudia, atamuuliza mkuu wa kaya.