Kumhoji mtoto asiyezungumza: uzoefu wangu

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Faili la binti mmoja mwenye ulemavu, asiyezungumza, lilihusu tuhuma kwamba amefanyiwa ukatili wa kingono, na lilikuja likiwa limeandikwa kwamba hawezi kutoa maelezo. Nilimwendea mwalimu wake nikamuuliza: akitaka maji, anakwambiaje?

Akanionyesha ubao wa picha. Binti huonyesha kwa kidole, na mikono ikichoka, kwa macho. Ila ubao wenyewe ulikuwa na chakula, choo, usingizi na furaha tu. Sehemu za siri hazikuwepo, wala "kugusa", wala "sijui". Atasimuliaje jambo ambalo hakupewa picha yake? Tukakubaliana picha ziongezwe kupitia somo la mwili kwa darasa zima, pamoja na picha za watu wote anaoishi nao. Ukiweka ya mtuhumiwa peke yake, umeshamchagulia jibu, na wakili wa utetezi hataliacha lipite.

Mama alitaka aingie kutafsiri. Nikamwambia, "Mama, wewe ndiye unayemwelewa kuliko sisi sote, kwa hiyo tufundishe ishara zake. Chumbani ataingia mtu asiye wa familia." Alinuna kidogo, akakubali. Jambo moja sikulilegeza hata kwa mwalimu: hakuna kumshika mkono aonyeshe. Imeshajaribiwa mara nyingi, na jibu linalotoka huwa la mshikaji.

Mpelelezi aliona muda wote huu ni hisani. Nikamkumbusha kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 13, unazitaka nchi zirekebishe taratibu ili watu hawa wapate haki, hata katika hatua ya upelelezi.

Tulimhoji asubuhi, saa ambazo dawa ya kifafa haimlegezi, kamera ikirekodi ili asirudishwe kuulizwa upya. Nilianza na maswali ya kipuuzi, "Mimi ni paka?", nione kama anaweza kumkatalia mtu mzima. Alikataa, akacheka. Ndipo nikasema, "Nionyeshe kilichotokea," nikanyamaza. Kungoja kule ndiko kazi yenyewe. Mpelelezi alitaka kuuliza mara kadhaa, nikamzuia kwa mkono.

Alionyesha bafu. Halafu mtu.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha kila siku. Kwa hiyo kabla hajakamatwa, ilibidi tumpate wa kumwogesha jioni ile ile, na binti mwenyewe amkubali.