Siku moja maishani mwangu: beseni chini ya tangi la samaki

Saa 11 alfajiri. Begi nimelifunga tangu jana usiku, mama mwenye mkahawa kule Nyali aliponipigia simu. "Fundi, matumbawe ya tangini yamejifunga, leo siku ya nne. Na chini ya kabati kuna maji. Naogopa ni ugonjwa." Nilimwomba asiguse kitu, na zaidi ya yote mtu yeyote asikaze nati. Kisha nikatoka uani penye upepo, nikagundisha kipande cha bomba la inchi moja, elibo (kiungo cha kona) na nusu ya yunioni (kiungo kinachofunguka kwa nati), nikakiacha kilale. Gundi ya bomba huwa sifungui kopo lake karibu na samaki. Mvuke wake unawasha hata koo la mtu mzima, na kiungo kilichopewa usiku mzima kukauka sikihofii.

Saa 12 na nusu tuko kwenye feri ya Likoni, mimi na mtoto wa ndugu yangu ambaye namfundisha kazi. Mahamri na mbaazi tunakula tukiwa tumesimama.

Saa 2 kasoro. Tangi lina urefu wa mita mbili, na upana na kimo sentimita 60 kila kimoja. Maji peke yake yana uzito wa zaidi ya kilo 700. Nalitaja hili kwa sababu mtu akiona kioo chenye samaki wazuri husahau ni mzigo gani unaosukuma vile viungo vya plastiki usiku na mchana.

Kijana anapeleka mkono kabatini, namzuia. Ekstensheni ya umeme imelala sakafuni, chini kabisa ya bomba. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba, na mikono yetu ilikuwa na jasho. Nazima swichi kubwa ukutani kwanza, ndipo nachomoa plagi zote, hita ikiwa ya kwanza, kwa sababu hita ikibaki na moto nje ya maji hupasuka kioo. Ekstensheni naipigilia juu, ubavuni mwa kabati, na kila waya nauacha ulegee ushuke chini ya tundu la plagi kabla ya kupanda tena. Tone likifuata waya litadondokea pale uliposhuka, halitafika kwenye plagi.

Pampu ikizimwa, samaki hawana muda mwingi, hasa kwenye joto la Mombasa ambapo maji hubeba hewa kidogo. Natumbukiza kipampu cha hewa cha betri. Ndipo nafungua tochi.

Chumvi nyeupe imeota kwenye elibo ya chini kama ukoko wa wali. Kijana anasema, "Ami, ni hapa." Nami zamani ningesema hivyo hivyo. Lakini maji hutembea na ngozi ya bomba, yakadondoka pale chini kabisa, na chumvi huota yanapokaukia. Tunasugua kwa siki na kitambaa, tunakausha kila kiungo, na kila kimoja tunakivisha kipande cha karatasi ya shashi. Tunakaa chini kimya. Baada ya dakika ishirini karatasi ya elibo bado kavu. Iliyolowa ni ya juu kabisa, kwenye tenki konekta, kile kiungo kinachopita kwenye tundu la kioo chini ya kisanduku cha kumwagia maji, kile cha ndani ya tangi kinachopokea maji yanayofurika.

Saa 4. Hapa ndipo watu huchukua spana. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilikaza tenki konekta kwa spana ya mabomba, tangi likiwa limejaa. Kioo kilitoa mlio mmoja mdogo, kama ukucha unaokatika, ufa ukapanda mbele ya macho yangu. Tulipoteza kangaja watatu na bunju mmoja mkubwa, na tajiri alilia. Tangu siku hiyo nati ya kioo naifunga kwa mkono, halafu naongeza robo mzunguko, basi.

Tangi lote halihitaji kumwagwa. Pampu ikisimama, maji ya tangi hushuka mpaka kwenye meno ya ukingo wa kisanduku na kutulia pale, yanayobaki juu ya kiungo ni ya kisanduku tu. Tunayavuta kwa mpira ndani ya ndoo safi, samaki wako kwao hawana habari.

Nati inagoma. Namwambia kijana asilazimishe, ajaribu upande wa pili. Baadhi ya viungo hivi vina nyuzi za kinyume, na wengi wamezidi kuvikaza wakidhani wanafungua. Ikaachia laini.

Raba ilikuwa imewekwa nje, upande wa nati, badala ya kukaa ndani upande wa maji chini ya ile kofia ya kiungo. Na ndani yake kulikuwa na chembe moja ya mchanga wa matumbawe, ndogo kuliko punje ya ufuta. Nilipoitoa kwa ukucha, iliacha shimo lake kwenye raba, na kutoka shimoni kijia chembamba kilikwenda hadi ukingoni. Njia ya maji ilikuwa hiyo. Tukafuta kioo kwa kidole mpaka kikalia, tukaweka raba mpya ndani, kavu, bila silikoni. Klipu ya chuma iliyoshika mpira wa pampu, nayo imeliwa na kutu, nikaitoa yote na mpira wake, nikafunga kile kipande cha jana.

Adhuhuri, swala, kisha wali wa nazi wa mkahawani.

Saa 8. Tunarudisha maji kisandukuni taratibu, bila pampu, tunasubiri nusu saa. Karatasi kavu. Tunawasha. Kavu. Wakati huo dada wa usafi anakuja na beseni la bluu. "Hili nilirudishe? Maana nalimwaga kila asubuhi." Tangu lini? "Mwezi sasa." Na maji yakipungua tangini? Mhudumu huongeza ya kunywa, ya mtungi.

Nikapima chumvi. Bahari yetu huwa karibu na 35 kwa elfu, tangi lilisoma 31. Maji yanayopaa huacha chumvi yake nyuma, hayo hurudishiwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Yanayovuja huondoka na chumvi, lakini na hayo walirudishia maji baridi. Tone kwa tone, nati ilikuwa ikiligeuza tangi kuwa mto. Matumbawe hayakuwa na ugonjwa. Mama alishika kifua, akasema, "Alhamdulillahi, nilikuwa nimeshawanunulia dawa." Dawa nyingi za samaki zina shaba, na shaba ingeyaua matumbawe yote.

Saa 10 jioni, bamvua imejaa hadi ukuta wa ufuo. Maji yakiwa hivi huwa safi, ya bahari kuu, mbali na ya hori. Tunajaza mitungi mitano ya lita 20, tunachuja kwa kitambaa cha kanga. Tangi hupaa kama lita kumi kwa siku, kwa hiyo kwa siku kumi zijazo wataongezea haya ya bahari tu, chumvi ipande polepole. Kuipandisha kwa mara moja kungewaumiza wote.

Saa 3 usiku, niko nyumbani, inaingia picha kutoka kwa yule dada. Beseni la bluu liko mahali pake, na ndani yake karatasi ya shashi niliyoiacha, nyeupe, kavu.