Mradi wa kurudisha sauti ya tena: Januari hadi Juni

Januari

Lengo ni kuimba sehemu ya tena, yaani sauti ya juu ya wanaume, kwenye wimbo wa beti nne nikiwa nimekaa kwenye kiti mwendo, bila mwalimu wa kwaya kulazimika kuwapunguzia wenzangu mwendo. Jeraha langu ni la uti wa mgongo, pingili ya sita ya shingo. Nilianguka kutoka kwenye mparachichi huku kwetu Kilimanjaro, na wodini nilikuta wengine walioletwa na miti kama mimi.

Nieleze kilichobaki na kilichoondoka, maana mazoezi yote yanatokana na hapo. Daiframu, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hupokea amri kupitia neva zinazotoka pingili ya tatu, ya nne na ya tano ya shingo. Yangu inafanya kazi. Misuli ya katikati ya mbavu na ile ya tumbo hupokea amri kutoka chini ya hapo, nayo haijibu tena. Kwa hiyo kuvuta hewa naweza kwa kiasi. Nguvu ya kuisukuma itoke ndiyo iliyopotea. Kuimba ni kusukuma, na kukohoa ni kusukuma. Ndiyo maana nikisema maneno manne hewa inakwisha, na la tano linatoka kama mnong'ono.

Februari

Mwezi wa kuimba chali. Wageni wakinikuta naimba nimelala wanadhani nimezidiwa, kumbe ndipo nilipo na nguvu zaidi. Mtu wa jeraha la shingo akikaa, tumbo lisilo na msuli linamwagika mbele, daiframu inashuka na kubaki bapa, haina pa kusafiri. Akilala chali, uzito wa tumbo unairudisha juu kifuani, na pumzi inarefuka.

Curtis Mayfield, mwimbaji wa soul, alilijua hili. Agosti 1990 mitambo ya taa ilimwangukia jukwaani Brooklyn, Marekani, akapooza kuanzia shingoni. Albamu yake ya mwisho, iliyotoka 1996, aliiimba amelala chali, mstari mmoja mmoja, kisha mistari ikaunganishwa. Nimeisikiliza mwezi mzima. Ninachokisikia mle ni fundi anayejua hewa yake inaishia wapi, akayapanga maneno yakaenea ndani yake.

Kwa kukaa, msaada wangu ni mkanda wa tumbo. Unaanzia chini ya mbavu, unashuka hadi nyongani, na unafungwa nikiwa bado nimelala. Ukipanda juu ya mbavu unabana kifua badala ya kukisaidia. Jioni mke wangu anakagua ngozi chini yake, kwa sababu mimi sisikii mkunjo wa kitambaa, na mkunjo mmoja unatosha kuanzisha kidonda.

Machi

Masika yameanza na mafua yamepita nyumba nzima. Kuimba kumesimama, kazi imekuwa makohozi. Sioni aibu kuliandika hili kwenye kumbukumbu ya sauti, maana nimonia ni miongoni mwa vinavyowaua zaidi watu wenye jeraha kama langu, na mapafu yaliyojaa hayaimbi.

Mdogo wangu amefundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo jinsi ya kunikohoza. Anaweka viganja juu ya kitovu, chini ya mbavu. Mimi navuta hewa, nafunga koo, naongeza nyingine juu yake, naongeza tena mpaka kifua kinajaa. Nikitoa kikohozi, yeye anasukuma kwa ndani na juu wakati huohuo. Hatufanyi hivyo nikiwa nimetoka kula. Siku ya kwanza makohozi yalipotoka yote alisema, "Kaka, hiki sasa ndicho kikohozi chako cha zamani!" Tukafurahi wote wawili.

Kule kurundika pumzi ndiko kumekuwa zoezi langu kuu la kuimba pia. Ile hewa ya juu niliyokuwa naitumia kukohoa, sasa naitoa polepole kwenye "aaa" moja ndefu.

Aprili

Maumivu. Watu hudhani aliyepooza hasikii kitu. Miguu yangu haisikii kiganja kikiigusa, lakini usiku inawaka moto, na mikono inachomwachomwa. Haya ni maumivu ya mishipa ya fahamu, na dawa za kawaida za maumivu hazinisaidii.

Daktari aliniandikia amitriptilini, dozi ndogo ya usiku. Moto umepungua, nalala. Lakini dawa hiyo hukausha mdomo na koo, na koo kavu linakwaruza kila noti ya juu. Tena huleta choo kigumu. Tulizungumza naye akairudisha nyuma saa ya kumeza, na mimi nimehamisha mazoezi kutoka asubuhi hadi alasiri, maji yakiwa karibu. Nilipomuuliza kuhusu kuongeza tramadoli, dawa kali ya maumivu, alinikatalia, na namshukuru: dawa za jamii hiyo, ya afyuni, hupunguza msukumo wa kupumua, hasa zikichanganywa na gabapentini au pregabalini, dawa nyingine za maumivu ya mishipa ya fahamu, na mimi pumzi yangu ni ya kuhesabu.

Maumivu ya mabega ni mengine. Nikikosa hewa, misuli ya shingo inajitolea kuinua mbavu. Inachoka, inakaza, koo nalo linabanwa. Hapo nikilazimisha noti, kesho yake siwezi kusukuma kiti. Basi kioo kiko mbele yangu: mabega yakipanda, nasimama.

Na kichwa kikianza kugonga kwa nguvu huku uso unatoka jasho, kuimba kunakufa papo hapo. Naketishwa wima, mkanda unafunguliwa, mpira wa mkojo unakaguliwa kama umejikunja. Kwa jeraha la juu kama langu presha inaweza kupaa ghafla kwa sababu ya kibofu kilichojaa tu au choo kilichokwama. Kila anayefanya mazoezi nami lazima alijue hili kabla hajajua wimbo.

Mei

Nimechukua penseli nikaweka alama za pumzi kwenye kitabu cha solfa, kile cha noti za do-re-mi. Pale wenzangu wanapokwenda mistari miwili, mimi navuta mara tatu, daima kabla ya neno zito. Watafiti wa Melbourne, Australia, wakiongozwa na Jeanette Tamplin walichapisha mwaka 2013 utafiti wa watu 24 waliopooza mikono na miguu. Walioimba mara tatu kwa wiki kwa wiki 12 walipata sauti yenye nguvu zaidi. Nimechukua ratiba hiyohiyo.

Juni

Ubeti wa kwanza na wa pili vinatoka nikiwa nimekaa, mkanda umefungwa. Wa tatu unafika nusu. Wa nne bado ni wa kitandani. Mwalimu wa kwaya amekubali niingie kwenye viitikio tu kwa sasa, na niwekwe mwisho wa safu ya tena, karibu na dirisha, kwa kuwa mwili wangu hautoi jasho chini ya jeraha na kanisa likijaa napata joto haraka. Julai naongeza kupuliza mrija kwenye chupa ya maji kabla ya kila zoezi, mapovu yatoke sawasawa mpaka mwisho wa pumzi.