Kifimbo cha Mwalimu

Jumapili jioni, Moshi.

Baba mdogo hajanipigia simu tangu Ijumaa, na mimi sijapata uso wa kupanda Kibosho. Kosa langu nalijua. Liko ukurasa wa tisa wa mchezo niliowaandikia vijana wetu kwa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba.

Ukurasa huo ni mwaka 1976. Mwalimu ameketi mezani, analetewa karatasi ya kuvunja vyama vikuu vya ushirika, anasaini bila kuinua macho. Pembeni amesimama mzee wa Kichagga na gunia la kahawa, hajui ampelekee nani. Kijana aliyemwigiza Mwalimu alipomaliza kusaini akakizungusha kifimbo kama kiranja wa zamu, akacheka kile kicheko cha Mwalimu. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nikasikia kiti kinaburuzwa nyuma, kugeuka namwona Baba mdogo anatoka.

Angetoka mwingine ningeelewa. Mama mmoja wa jumuiya alishanionya wiki nzima kwamba Kanisa lina mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri tangu 2005, na Mtumishi wa Mungu hafanyiwi vichekesho. Vijana wakamjibu kwamba mtu aliyetafsiri mwenyewe tamthilia mbili za Shakespeare hawezi kuogopa jukwaa. Nakiri malumbano yale yalinifurahisha, maana watu walijaa mpaka wengine wakasimama mlangoni.

Lakini Baba mdogo alikuwa karani wa ushirika. Kahawa ya KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa 1933 na wakulima wa mlimani Kilimanjaro, ndiyo iliyomsomesha, na chama hichohicho kikamwajiri. Kilipovunjwa akarudi kihambani, shamba la ukoo, na begi moja. Ukurasa wa tisa wote ni wake. Alinisimulia mwaka juzi, tumekaa jikoni, akanionyesha kitabu cha stakabadhi alichoondoka nacho: kaboni bado zimo katikati ya kurasa, muhuri wa zambarau umefifia, mwandiko umelala kulia. Stakabadhi ya mwisho ina jina la mkulima tu. Mahali pa kilo hapana kitu.

Nilimfuata mpaka barabarani, alikuwa anasubiri usafiri.

"Baba mdogo, si ulinisimulia mwenyewe?"

"Nilikusimulia wewe. Hao waliokuwa wanacheka niliwasimulia lini?"

Akapanda, akaondoka.

Sebuleni kwake picha ya Mwalimu imetundikwa karibu na picha ya harusi yao. Akishapata mbege kidogo atamlaumu Mwalimu kwa ushirika, tena kwa uchungu. Ila jirani kijana akidakia kwamba Mwalimu aliiharibu nchi, anamnyamazisha palepale: wewe ulikuwepo? Zamani niliuona huo ni unafiki wa wazee. Siku hizi sina hakika. Labda mtu akikatwa na kisu cha nyumbani kwake, kidonda ni chake, na hapendi mgeni akichokonoe.

Na kuna jambo nililifanya nikijua. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alikiri katika mahojiano kwamba lau angeanza upya, mambo mawili asingeyarudia: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Sheria ya 1982 ilikuwa imeshaurudisha ushirika. Nililijua hilo. Lilikuwemo kwenye rasimu ya kwanza, nikalikata. Nilijiambia mchezo ni mrefu. Ukweli ni kwamba Mwalimu anayekiri kosa hachekeshi, na mimi nilitaka watu wacheke. Mama wa jumuiya alipigania utakatifu, vijana wakapigania uhuru wa jukwaa, na katikati yao hakuna aliyeuliza ule ukurasa niliouchana uko wapi.

Saa tatu usiku. Amepiga.

Nimempa shikamoo, akaitikia kwa mkato. Akauliza mchezo unarudiwa lini. Nikamwambia Jumamosi, na kwamba naongeza kipande cha 1984. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Huyo kijana wako," akasema, "mwambie kifimbo hakizungushwi. Mwalimu alikishika tu. Mlete Alhamisi nimwonyeshe."

"Sawa, Baba mdogo."

"Na lile gunia mlilishona vibaya. Kahawa ingemwagika yote kabla haijafika mizani."