Bafle zangu za sapele: gundi nyeupe, pasi ya makala na vumbi la Goma

Kila niliyemwuliza hapa Goma namna ya kuvika bafle (masanduku ya spika) plakaje alinipa jibu lile lile: nunua gundi ya viatu, paka pande zote mbili, ngoja ikauke kidogo, bandika, kisha peleka kwa fundi wa rangi za magari akumalizie kwa laka. Nimelisikia Birere, nimelisikia Majengo, na wote walilitoa kwa uhakika mkubwa. Naandika kwa sababu jibu hilo ni baya na limeniharibia karatasi nzuri ya sapele. Bafle zinazosimama sebuleni kwangu leo zimevikwa kwa gundi nyeupe ya mbao na pasi ya makala, na wageni huzipapasa kabla hawajakaa.

Plakaje ninayosema ni ile karatasi ya mbao halisi, unene wake nusu milimita na kidogo, inayochongwa kiwandani kutoka kwenye gogo. Sapele ni ndugu wa damu wa libuyu, na ni mti wa misitu yetu wenyewe. Inauma kuununua kutoka nje ukiwa umeshachongwa, lakini ndivyo ilivyo. Mfanyabiashara mmoja anayefuata vitambaa Kampala aliniletea karatasi kadhaa zikiwa zimeviringishwa, dola arobaini na kitu ukiweka na nauli ya mzigo.

Masanduku ni ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ya milimita 18. Kuyakata na kuyaunganisha sitaeleza, seremala yeyote wa Ndosho ukimpa vipimo atakufanyia. Ila usimruhusu ayapige msasa kesho yake. Gundi ya kwenye maungio ina maji, na maji hayo huivimbisha MDF pale pale kwenye kiungo. Ukisawazisha mapema, unasawazisha uvimbe. Maji yakishatoka kiungo kinazama, na mstari wake utauona juu ya plakaje miaka yote. Ya kwangu niliyaacha ndani ya nyumba majuma mengi, maana ilikuwa msimu wa mvua, ndipo nikayagusa.

Sasa hiyo gundi ya viatu. Nilimkabidhi fundi mmoja anayeheshimika mtaani afanye ubao wa juu wa bafle moja kwa njia yake. Nilipomwuliza kama itashika, alinijibu: "Mdogo wangu, kole hii inashika soli za watu wanaotembea juu ya mawe ya volkano kutwa. Itashindwa na karatasi?" Akapaka, akangoja, akabandika. Gundi hiyo ikishagusana haikupi nafasi ya kusogeza hata unywele, na kwa kweli mkono wake ulikuwa mzuri: alitanguliza gazeti katikati, akalivuta polepole huku akikandamiza. Ubao ukatoka umelala vizuri, nami nikafurahi. Kisha ukapulizwa laka iliyochanganywa na thina, kile kiyeyushio cha rangi.

Asubuhi ulikuwa safi. Jua lilipopanda nikaona kivimbe kimoja karibu na ukingo, cha ukubwa wa punje ya haragwe. Nilikibonyeza kwa kidole kikalala. Nilipoinua kidole kikainuka nacho. Kufikia jioni vilikuwa vimetapakaa uso mzima, vingine vimeungana kuwa mkunjo mrefu unaofuata nyuzi za mbao. Nikampelekea fundi. Akautazama, akasema: "Plakaje yako ni mbovu, hii si ya kweli." Nikaomba wembe, nikaikata pale pale mbele yake na kuinua ncha. Chini yake gundi ilikuwa imerudi kuwa laini, inavutika nyuzi nyuzi. Plakaje haikuwa na kosa lolote. Thina hupenya kwenye vinyweleo vya mbao nyembamba namna ile, hufika kwenye gundi ya viatu na kuilainisha upya, na karatasi ikishaachiwa hujikunja inavyotaka. Alidai malipo yake yote hata hivyo, nami nililipa kwa heshima ya umri wake. Lakini ushauri wake simpelekei mtu mwingine.

Gundi nyeupe hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Ndani yake ni chembe za plastiki zilizoelea kwenye maji. Maji yakiondoka, plastiki inabaki kama ngozi ngumu, na ngozi hiyo ukiipasha moto inalainika tena. Basi unapaka sanduku, unapaka mgongo wa plakaje, unaviacha vikauke mpaka weupe uishe na kidole kisinate. Kingo hupakwa mara mbili, kwa sababu ndiko plakaje inakoanza kuachia. Ndipo unaweka karatasi kavu juu ya sanduku kavu, unaisogeza upendavyo mpaka nyuzi zinyooke, hakuna kinachoshika. Ukishairidhia ndipo unaleta pasi. Uhuru huo wa kusogeza ndio ulionishinda roho. Gundi ya viatu haikupi.

Lakini plakaje iliyosafiri ikiwa imeviringishwa haikubali kulala. Ya kwangu ilikuwa imejipinda na kukakamaa, ukiilazimisha inapasuka. Dawa yake iko kwenye duka la vipodozi: gliserini, ile wanayopakwa watoto. Nilichanganya kidogo na maji kwenye chupa ya kunyunyizia, nikazilowesha karatasi pande zote, nikazipanga kati ya magazeti na vipande viwili vya tripleksi (plaiwudi), juu nikaweka mawe ya lava, ambayo mji huu hauwezi kukosa. Magazeti lazima yabadilishwe mpaka yatoke makavu. Hapa usifanye haraka hata kidogo: plakaje yenye unyevu ikikutana na pasi hunywea, na ikinywea ikiwa imeshashikwa na gundi hupasuka katikati.

Umeme ulikuwa unakatika kila nikiwasha pasi, nami nikaona kazi hii haitaisha. Nikamwendea mama mshonaji wa jirani, mwenye pasi ya makala ya chuma kizito.

"Mama, naomba pasi yako ya siku chache, nataka kubandikia mbao."

"Mbao? Mwanangu, ikirudi na gundi chini yake utaninunulia nyingine mpya."

Nilimhakikishia, nikaibeba. Na sasa nasema wazi kwamba hata umeme ukiwepo nitachagua pasi ya makala. Ni nzito, kwa hiyo inakandamiza yenyewe, na joto lake halipandi na kushuka ghafla. Tatizo lake ni majivu. Yanadondoka kwenye vitundu vya pembeni, na majivu ukiyasugua juu ya sapele yanaingia kwenye vinyweleo, hayatoki tena. Dawa niliyoipata ni hii: makala ya mti mgumu yaliyokwisha kushika moto wote, bila moshi, yaliyopepetwa nje kwanza, pasi isijazwe zaidi ya nusu, na juu ya plakaje ulale shuka la pamba la zamani, kubwa, linalovuka kingo. Kila baada ya muda unalikung'uta. Joto lilipimwa kwa tone la maji: likichezacheza na kukauka, sawa; likiruka mara moja, ngoja. Kisha jaribu kwenye kipande kilichobaki. Ukisikia harufu ya kuungua, pasi bado ni kali.

Unaanzia katikati ukielekea nje, polepole, kama unapiga pasi suruali ya harusi. Mkono wa kulia una pasi, wa kushoto una kipande cha mvule kilicholainishwa pembe, nacho kinaifuata pasi nyuma nyuma kikikandamiza mahali palipotoka kupata joto. Gundi inashika inapopoa, si inapoyeyuka. Wengi wanaolalamika kwamba njia ya pasi haifai huinua pasi na kuondoka. Karatasi inabaki ikielea juu ya gundi laini mpaka ipoe vibaya. Kipande hicho cha mvule kimefanya nusu ya kazi.

Kila karatasi niliiacha ivuke kingo kwa sentimita moja na zaidi, kwa sababu joto linaifanya inywee hata ikiwa kavu. Nilianza na mgongo, nikaenda mbavuni, nikamaliza na juu na mbele, ili maungio yanayoonekana yafunikwe na karatasi ya mwisho. Ziada sikuikata kwa wembe. Wembe hufuata nyuzi, na nyuzi zikiingia ndani ya sanduku zinauburuta. Nilichukua msasa namba 120 uliozungushiwa kibao, nikaupitisha kwenye pembe nikisukuma kuelekea sandukuni, kamwe si kuvuta kutoka, mpaka ziada inakatika yenyewe na kubaki mkononi. Pembe inatoka kali, safi, bila kibanzi.

Jambo moja kuhusu sapele ambalo hakuna aliyeniambia. Ile michirizi yake inayong'aa hubadilika ukiitazama kutoka upande mwingine: palipokuwa na mwanga panakuwa giza. Kwa hiyo nilitia alama ya chaki kwenye kichwa cha kila karatasi, na juu ya uso wake, kabla sijakata chochote, na zote zikabandikwa zikitazama upande mmoja. Bafle mbili zikikaa pamoja zinashika mwanga sawasawa. Ukigeuza karatasi moja tu, hata mtoto ataona kwamba hazifanani, japo hatajua kwa nini.

Baada ya kubandika, gonga uso wote kwa ukucha, taratibu, kila sehemu. Paliposhika panatoa sauti kavu; palipo wazi panatoa sauti ya uvungu. Nilipata sehemu moja ya uvungu karibu na tundu la spika. Nilichana mstari mfupi kwa wembe kufuata nyuzi, nikanunua bomba la sindano famasi, nikapenyeza gundi iliyozimuliwa na maji kidogo, nikafuta, nikaweka karatasi safi juu na kurudisha pasi. Leo sioni mahali penyewe palipokuwa.

Msasa wa kumalizia ni wa mkono tu, 180 kisha 240, kufuata nyuzi. Mashine weka mbali. Kwa unene ule utafika kwenye MDF kabla hujashtuka. Halafu futa sanduku zima kwa kitambaa chenye tapentaini. Kwa dakika chache mbao itaonekana kama imeshapakwa vanishi, na popote gundi ilipopenya juu patabaki na doa jeupe lisiloloa. Doa hilo liondolewe sasa. Vanishi haitaingia hapo, na ukishapaka umechelewa.

Vumbi ndilo lililonipa hasira. Vumbi letu ni jeusi na gumu, linatoka kwenye lava iliyosagwa na magari, na likitua kwenye vanishi mbichi linaonekana kama pilipili manga. Nilifanyia chumba cha ndani, madirisha nimeyaziba, sakafu na kuta nimezilowesha kwa maji, na nilipaka asubuhi baada ya mvua ya usiku, kabla pikipiki hazijaanza. Vanishi ya mafuta niliizimua nusu kwa nusu na tapentaini, nikaipaka kwa kitambaa cha pamba badala ya brashi. Koti jembamba namna hiyo linakauka juu kabla vumbi halijakaa vizuri. Kati ya koti na koti, msasa 400 kidogo tu na kitambaa kibichi. Makoti yakawa mengi, lakini kila moja ni kazi ya dakika chache.

Rafiki yangu anapendelea mafuta ya kitani, na rangi yake kwa kweli ni nzuri zaidi, ya joto. Ukienda njia hiyo, vitambaa vilivyolowa usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto lake yenyewe, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae.

Spika zilirudi mahali pake vanishi ilipoacha kunuka kabisa. Kama umechimba kitako ili ukingo wa spika ulingane na uso, kumbuka kina chake kipimwe pamoja na plakaje, si MDF peke yake. Na plakaje iliyofunika tundu ikatwe kwa wembe mpya kutoka katikati kwenda nje, kisha ukingo uguswe na msasa. Skrubu nilizisugua kwenye mshumaa kwanza, maana MDF hubanjuka ukiilazimisha.

Pasi ya mama mshonaji ilirudi safi, nimeisugua chini yake kwa nta. Ameniomba nimvikie meza ya cherehani, na sapele iliyobaki inatosha uso wake, ukipanga karatasi mbili ubavu kwa ubavu.