Nilivyozisaka namba za kadi dukani kwangu

Mshauri wa kwanza niliyemwita alitaka ninunue programu ya kuficha data kwa msimbo, nilale usingizi. Bei yake ilikaribia mishahara ya miezi miwili ya wafanyakazi wangu wote. Hakuuliza hata tunaweka namba za kadi za wateja kwa sababu gani. Mimi mwenyewe nilikuwa naapa hatuziweki.

Kumbe droo ya kaunta ina daftari la oda za simu: jina, namba ya kadi, tarehe ya kuisha, na zile tarakimu 3 za nyuma ya kadi! Kanuni za PCI DSS, yaani zile za usalama wa data za kadi za malipo, zinakataza duka kubaki na hizo 3 malipo yakishaidhinishwa, hata ukizificha kwa msimbo. Sasa programu ya bwana yule ingenifaa nini? Daftari likapita kwenye mashine ya kuchana karatasi siku ileile.

Kwenye kompyuta ndipo niliposota. Nilitafuta kila namba ya tarakimu 16, zikaja maelfu, karibu zote za ankara. Ni mimi niliyezirefusha hivyo zamani ili duka lionekane kubwa, tena nikazianzisha na 4, kama kadi za Visa. Siku mbili nikakodoa macho bure. Ndipo nikakumbuka hesabu ya Luhn: unaanzia kulia, kila tarakimu ya pili unaizidisha kwa 2, jibu likizidi 9 unatoa 9, kisha unajumlisha zote. Jumla isipogawanyika kwa 10, hiyo si kadi. Fomula moja tu kwenye jedwali, ankara kama 9 katika kila 10 zikaanguka. Nilitembea dukani kama profesa.

Jioni binti wa kaunta akaniuliza, "Bosi, na za American Express?" Zile zina tarakimu 15. Nikaanza upya.

Picha za kadi ambazo wateja walituma kwa barua pepe hakuna hesabu inayoziona. Tulizifungua moja moja, hadi kwenye folda ya zilizofutwa.

Siku hizi mteja wa simu anatumiwa kiungo cha malipo, namba anaijaza mwenyewe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo. Akianza kunisomea, namkatiza. Wiki iliyopita mmoja alinikasirikia, akasema miaka yote nilikuwa naziandika bila shida.